Hoja Iliyomsimamisha Kifaru

Mwenyekiti wa kikao alikuwa mkunga mstaafu, na asubuhi ile kiti kilimwasha. Mbele yake wabunge wenzake wa chama kimoja walikuwa wamebanana katika chumba namba saba, mlango umetiwa komeo ili waandishi wa habari waliojaa ujiani wasije wakaingia. Pamoja naye walikuwa thelathini na tisa. Kulia kwake aliketi kiongozi wao bungeni, ambaye kila mtu alimwita Kifaru, hata mkewe.

Kabla ya kikao kuanza, Kifaru alimwinamia sikioni.

"Mama, leo kuna mtu anataka kunivua nguo. Wewe unajua cha kufanya. Kiti chako ni cha orodha, na orodha naiandika mimi."

Ilikuwa kweli. Mkunga hakuchaguliwa na jimbo lolote. Kifaru ndiye aliyeliandika jina lake, na kalamu ile ile ingeweza kulifuta. Bila kiti, angerudi kuishi kwa mwanawe, chini ya mkamwana aliyemhesabia hata vijiko vya sukari.

Mbunge mmoja aliyeitwa Kinyozi akainuka. Jina hilo hakulipata kwa utani. Kabla ya siasa alikuwa na kibanda chake cha kunyolea.

"Mheshimiwa mwenyekiti, huyu bwana amemwahidi waziri kura zetu zote thelathini na tisa, ili mswada wa kufunga zahanati ndogo upite. Zikiwa chini ya thelathini, mswada umekufa. Ametuuliza lini? Sisi mbuzi wake? Natoa hoja: hatuna imani na kiongozi wetu."

"Kaa chini, wewe!"

"Rudi ukanyoe ndevu!"

"Za bosi wako nilishazinyoa," Kinyozi akajibu. "Leo nimefuata masharubu."

Mkunga akapiga meza kwa kiganja. Kwa kanuni zao, hoja isiyoungwa mkono hufia hapo hapo, na aliyeitoa hufukuzwa chamani. Anayeiunga mkono hahitaji kusema neno. Anasimama tu, karani anamwandika.

"Anayeafiki hoja asimame."

Hakuna kiti kilicholia. Watu waliomwapia Kinyozi jana kwamba wako naye bega kwa bega sasa walikuwa wanakagua viatu vyao. Kinyozi aliwatazama mmoja mmoja, jasho likimchuruzika shingoni. Mkunga akangoja, kama alivyozoea kungoja kati ya uchungu na uchungu.

Kifaru hakuweza kungoja. Akasimama, akawageukia.

"Nani? Nani mwenye ubavu? Ajitokeze nimwone sura! Mnanong'ona vyooni, hapa mmemeza ndimi?"

Sauti ya mwanamke ikatoka nyuma, taratibu kabisa: "Mheshimiwa mwenyekiti, kuna mtu amesimama."

Mmoja akacheka, akajifanya anakohoa. Karani, kalamu mkononi, akamtazama mkunga. "Nimwandike, mama?"

Kifaru akaelewa. Akainama tena, safari hii bila tabasamu.

"Thubutu. Nitakurudisha jikoni kwa mkamwana wako, ukaombe chumvi."

Pengine mkunga angemeza mate na mambo yakaisha, kama asingetajiwa mambo ya nyumbani kwake. Miaka thelathini wanaume walimfokea mlangoni mwa chumba cha uzazi, na hakuna hata mmoja aliyemwondoa kwa mgonjwa wake.

"Kanuni haisemi asimame kwa furaha," akasema, kwa sauti ya kufika nyuma. "Inasema asimame. Karani, andika: hoja imeungwa mkono na kiongozi mwenyewe."

Zogo likalipuka. Mtu alirusha jalada. Mwingine alimwita mkunga mchawi, akaambiwa mchawi ni mama yake. Lakini hoja ilikuwa imeshaandikwa, na kura zikapigwa kwa siri. Kwenye karatasi iliyokunjwa hata mwoga ana mkono.

Mkunga akasoma mwenyewe matokeo. "Wanaomtaka kiongozi, ishirini na mmoja. Wanaomkataa, kumi na wanane."

Watu wa Kifaru wakazipiga meza hadi glasi zikaruka. Naye akamsogelea mkunga, macho mekundu.

"Umekwisha, bibi. Jina lako nalifuta leo."

"Futa. Ila kwanza mpigie waziri simu. Umemwahidi kura thelathini na tisa. Unazo ishirini na moja."

Kifaru akaigeukia meza ya karani. Akalitazama rundo dogo la karatasi kumi na nane. Makofi mezani yakapungua, kila mtu kwa kadiri hesabu ilivyomfikia, hadi ikabaki meza moja, nayo ikanyamaza.

Mkunga akazikusanya karatasi za kura. Alijua kabla ya mwezi kwisha atakuwa anafunga mizigo yake.

"Ajenda ya pili," akasema. "Mswada wa zahanati."

Kifaru akaomba kikao kiahirishwe.

Mkunga akamkatalia.