Mapazia ya Treni

Mara ya kwanza Yasaburo alipoitwa jeshini, kijiji kizima kilimsindikiza hadi stesheni kwa bendera na tarumbeta. Alirudi na kovu begani, akaendelea kuunda mapipa ya mchuzi wa soya. Mara ya pili, Julai ya mwaka 1941, karatasi nyekundu ya kumwita jeshini ililetwa pamoja na onyo: asisindikizwe na mtu, asivae sare, na majirani waambiwe amekwenda mazoezini. Vita vyenyewe ni na nani, hakuna aliyesema.

Sumie, mkewe, alimwuliza kama kweli atatoka kwake kama mwizi. Yasaburo akamjibu kuwa amri ni amri. Akamwinamia mama yake, akaondoka peke yake.

Sumie alivumilia kidogo tu, kisha uvumilivu ukamshinda. Akamwachia mama mkwe mtoto, akatia biringanya kikapuni, akakata njia ya mashambani. Stesheni alikuta wanaume kama sitini, wamevaa kama waendao sokoni, ila wote vichwa vimenyolewa upara. Siri gani hiyo!

Askari kanzu wa jeshi akamwendea.

"Mama, safari ya wapi?"

"Napeleka biringanya mjini."

"Tiketi iko wapi?"

Hakuwa nayo. Askari akayafuata macho yake mpaka yakamfikisha kwa Yasaburo.

"Wewe, unamjua huyu?"

Yasaburo alimtazama mkewe kama mtu anavyotazama mlango usio wake.

"Simjui," akasema.

Askari akamsukuma Sumie nje ya lango. Treni ikaja, mapazia ya madirisha yote yameshushwa, ikawachukua. Hakujua mumewe yuko behewa lipi.

Alijua kwamba neno lile lilimwokoa. Mke wa seremala mmoja wa kijijini, aliyemlilia mumewe palepale, alilala korokoroni siku tatu. Akili ilikubali, moyo ukakataa. Barua zilipokuja ziliuliza habari za mama na za mpunga. Za stesheni, hakuna aliyethubutu kuandika, maana kila barua ilisomwa.

Yasaburo alifia kwenye kambi ya mateka huko kaskazini, vita vikiwa vimekwisha. Habari ilipofika, mama mkwe alitaka kujua mwanawe alisema nini mara ya mwisho.

"Alisema ukitunze kifua chako, mama, usikae kwenye baridi."

Bibi kizee akalia, akashukuru. Sumie akatoka uani kupasua kuni, akapasua hata zile ambazo hazikuhitajika.