Ng'ombe wa Mama Mkwe

Ukuta wa chumba cha watoto pale zahanati ulikuwa mweupe pe, na Fundi Kesho alikuwa ameutazama kwa wiki tatu. Alikuwa mchoraji hodari, hilo hata waliomchukia hawakulikataa. Lakini ukimuuliza kazi imefika wapi, jibu lilikuwa "kesho", na majirani hawakumsingizia walipompa jina hilo.

Wiki ya kwanza aliosha brashi ambazo hazijawahi kuchafuka. Ya pili akapima ukuta, akapima tena, akakuta haujaongezeka. Ya tatu alitangaza kwamba huwezi kumchora twiga kabla hujamwelewa, akajilaza kwenye benchi la wagonjwa ili amwelewe vizuri.

Mkewe alikuwa muuguzi wa chumba hichohicho. Ndiye aliyesimama mbele ya mganga mkuu na wenzake wote akasema, "Mpeni mume wangu, hatawaangusha." Chumba kilikuwa kifunguliwe Ijumaa. Jumatano asubuhi alimwambia mumewe bila kupandisha sauti, "Ukiniangusha, uso wangu nitauweka wapi?"

Maneno yale yalimchoma, maana alimpenda mkewe kweli. Akaapa kuanza siku hiyohiyo, baada ya chai.

Aliporudi kutoka kwenye chai alimkuta mama mkwe wake juu ya kiti, amejifunga kibwebwe, brashi mkononi. Ukutani kulikuwa na mnyama.

"Shikamoo, mama," alisema.

"Marahaba, baba. Nimekuona umechoka, nikasema nikusaidie. Si ng'ombe mzuri huyo?"

Alikuwa na miguu mitano. Pembe moja ilimtoka sikioni, na uso wake ulicheka kama wa mtu anayeumwa jino. Angekuwa mtu mwingine, Fundi Kesho angemnyang'anya brashi na kumfukuza. Lakini mama mkwe! Kumfuta ng'ombe wake kungekuwa kujitafutia kesi ya ukoo mzima.

"Mzuri sana, mama," alisema.

"Basi kesho nakuja kukuwekea na simba." Akashuka, akaenda zake.

Fundi Kesho alibaki na ng'ombe wake. Alijaribu kutazama dirishani, ikashindikana. Akasema atarekebisha pembe tu. Pembe ilipokaa sawa, sikio likaonekana kituko. Mwili ulikuwa unaelea hewani, akauwekea majani. Mguu wa tano ulimtesa mpaka akapata akili ya kuufanya wa ndama aliyejificha nyuma ya mama yake, na ndama akataka mto wa kunywa maji, mto ukataka daraja. Juu ya daraja akasimama twiga, akiwa ameeleweka bila taabu yoyote. Alhamisi mchana, mama mkwe alipochungulia, hapakuwa na nafasi hata ya mkia wa simba.

Ijumaa mtoto mmoja mwenye bandeji mkononi alimpapasa ndama akasahau kulia. Mganga mkuu alipiga makofi. Mke wa Fundi Kesho alisimama karibu na mumewe akitabasamu, uso wake ukiwa mahali pake.

Jumapili walikwenda kumsalimia mama mkwe. Walimkuta mezani na mjukuu wake, anamchorea ng'ombe kwenye daftari huku akisimulia habari za jirani, hata haangalii karatasi. Ng'ombe alikuwa na miguu minne, pembe mbili, kope ndefu, na inzi mgongoni.

Fundi Kesho aliinama juu ya daftari. "Mama, kuchora umejifunza lini?"

"Nimefundisha darasa la kwanza miaka thelathini, baba."

Alimgeukia mkewe. Mkewe alikuwa anachunguza dari kwa makini.

"Na ule mguu wa tano?"

"Ule ulinipa shida kweli," mama mkwe alisema. "Mkono ulikuwa unakataa." Kisha akafunga daftari. "Nasikia chumba cha chanjo nacho kinataka picha. Kama umechoka, mimi nipo."

"Sijachoka, mama!" Fundi Kesho alikuwa tayari anatafuta viatu vyake.

"Leo Jumapili," mkewe alimwambia. "Pamefungwa."

"Nitasubiri mlangoni."