Sindano ya Tausi

Ndama wa Tausi alikufa siku ya tatu baada ya kuzaliwa, na Tausi akazuia maziwa. Ernesta, aliyekuwa akikama ng'ombe wa kijiji cha ujamaa pale Suji tangu banda lilipojengwa, alimbembeleza, akamkanda, akamwimbia. Aliambulia kikombe kimoja na teke la gotini. Kiwele kilijaa mpaka kikang'aa, na watoto wa shule wakawa wanakunywa uji mtupu.

Wiki hiyo bwana mifugo, kijana aitwaye Melkizedeki, akapanda kutoka Same na kichupa mfukoni.

"Shikamoo, mama."

"Marahaba, baba. Umetuletea nini?"

"Dawa ya tezi. Ng'ombe akichinjwa, kuna tezi chini ya ubongo, ndogo kama haragwe. Wataalamu huikamua maji yake."

Ernesta alikunja uso. "Kwa hiyo watoto watakunywa ubongo?"

"Hapana, mama. Dawa haiongezi hata tone. Inashusha tu maziwa yaliyomo kiweleni. Tausi anayo tezi kama hiyo, ila huzuni imeifunga."

Alichemsha sindano ndani ya kopo, akamdunga shingoni. Punde chuchu zikavimba, maziwa yakaanza kudondoka kabla hazijaguswa. Ernesta aliwahi kigoda. Ndoo ikapanda povu hadi ukingoni.

Melkizedeki alimfundisha kudunga, akamwachia dawa ya wiki mbili.

Dawa ilipokwisha, mvua ilikuwa imekata barabara ya mlimani. Ernesta hakuwa na la kufanya, basi akafanya yale yale ya kila siku. Alichemsha sindano tupu, kopo likagongagonga kwenye mafiga. Akamnawisha Tausi kiwele kwa maji ya uvuguvugu, akamfinya shingo kwa kucha. Alipoinama kutazama, chuchu zilikuwa zinadondosha maziwa.

Alikama taratibu, akiogopa hata kukohoa, mpaka ndoo ikajaa.

Barabara ilipofunguka, Melkizedeki aliisikiliza habari hiyo bila kumkatiza, kisha akatoa daftari.

"Tezi yake imezoea," alisema. "Ikisikia kopo, inajua kinachofuata. Wakubwa wangu hawatasadiki. Niandike jina lako, mama?"

Ernesta alifikiri kidogo.

"Andika. Lakini la Tausi litangulie."

Melkizedeki akaandika hivyo hivyo. Alikunywa vikombe viwili vya chai ya maziwa, akaomba cha tatu, na Ernesta akammiminia huku akitabasamu.