Kodi ya Ploti Ilipofutwa

Mwaka ule kaunsili ilipofuta kodi ya ploti, Nasimiyu alicheza mpaka leso ikamdondoka. Mjane mwenye vyumba viwili vya kupangisha, kwenye barabara ya Malaba kwenda Adungosi, angeachaje kucheza?

"Tulikuwa tunalisha watu bure, mama," alisema mzee Emukule, jirani yake wa upande wa juu wa mteremko.

Wakasahau kwamba hao watu ndio waliokuwa wakizibua mtaro. Wafagiaji waliachishwa kazi, trekta ya taka ikaegeshwa mpaka ikaota nyasi. Ukiambiwa kodi imekwisha, dada yangu, uliza kwanza taka zitakwenda na nani. Mvua za Mei ziliposhuka, diwani alitangaza kila mtu asafishe mbele ya mlango wake.

Wakasafisha kweli! Emukule alisukuma uchafu wake kwa jembe mpaka kwa Nasimiyu: maganda ya ndizi, manyoya ya kuku, na kiatu kimoja cha kushoto.

"Mzee, hiki kiatu si chako?"

"Kilikuwa changu. Kikishavuka ploti, ni chako."

Nasimiyu akacheka, akajifunga leso kiunoni, akasukuma vyote kwa jirani wa chini. Huyo naye akasukuma. Mtaa mzima ulitoka jasho, na taka hazikutoka.

Jumatatu moja Sheilah, binti yake wa miaka mitano, alirudi kutoka shule ya nasari na tope mpaka magotini.

"Mama, nasari tumepata ziwa! Nimeshika chura!"

Hapo ndipo Nasimiyu alipokumbuka nasari iko wapi: chini kabisa ya mteremko, mtaro unapoishia. Kicheko kikamkauka. Redio ilikuwa ikitaja kipindupindu kila jioni. Akamsugua mtoto kwa sabuni, kisha wiki nzima akawa anambonyeza tumbo.

"Linauma? Sema ukweli."

"Linauma ukilifinya, mama."

Halikuuma kwa lingine, Mungu ni mwema. Lakini Nasimiyu hakutaka kumjaribu Mungu mara mbili. Akamshika Emukule mkono, wakaenda kwa diwani.

"Rudisha kodi, mheshimiwa. Na wafagiaji warudi nayo."

Diwani akaangua kicheko. "Si wewe ulinipigia vigelegele?"

"Nilipiga. Leo nimekuja kupiga kelele. Mtoto wangu anaogelea kwenye uchafu niliousukuma mwenyewe!"

Emukule akakuna kichwa. "Basi nitalipa, mama akishalipa."

"Hapana, mzee," Nasimiyu akasema. "Anayekaa juu ndiye anayeanza."