Mkwe Haamrishwi

Tangu nirudi kutoka vitani Burma sikuweza kutulia. Nikiketi, miguu inataka kwenda, nikilala, naamka. Kazi ya bandarini niliiacha, ya kivukoni nikaiacha, na nyumba tulizopanga Likoni tulizihama kabla hatujawazoea majirani. Mke wangu Kahaso alivumilia weee, mwisho akachoka. Asubuhi moja akajitwika sanduku lake, akarudi kwa baba yake Mtongwe.

Nilituma wazee, wakarudi mikono mitupu. Nikawatuma tena. Safari hii Mzee Randu, baba mkwe wangu, akawapa jibu.

"Jumamosi kuna mashindano ya ngalawa, watu wawili kila chombo, hadi boya la Kilindini na kurudi. Ngalawa ni yangu. Mimi nitashika tanga, Nguma ashike usukani. Tukishinda, amchukue mkewe. Asiyeweza kukaa nyumbani labda ataweza kukaa chomboni."

Mtego huo! Kwetu sisi watu wa Ribe, mkwe hatajwi jina, hatazamwi usoni wala haamrishwi. Na kazi ya mshika usukani ni kuamrisha. Mzee alilijua hilo vizuri, na naapa alikuwa akicheka moyoni.

Tulitweka tanga tukiwa sawa na wenzetu. Wa kuogopwa walikuwa makuli wawili wa bandarini, Odhiambo na Mutua. Odhiambo alikulia kando ya ziwa, tanga analijua. Mutua hakujua lolote, ila alifanya kila alichoambiwa. Walitukanana tangu ufuoni, na chombo chao kikikata maji vizuri tu. Niliwaonea wivu kwa yale matusi.

Karibu na boya upepo uligeuka ghafla. Ilitosha niseme, "Legeza!" Badala yake nikaanza, "Baba, niwie radhi, kama itakupendeza, ile kamba ya tanga..."

"Naam, mwanangu? Wasemaje?"

Nilipomaliza adabu zangu tanga lilikuwa limeshajipiga kwenye mlingoti, na ngalawa imesimama inatetemeka. Odhiambo akatupita. "Wazee, mnasali?" akauliza.

Wakati wa kurudi upepo ulizidi, chombo kikaanza kulala ubavu. Mzee alipaswa kutoka nje, akalie zile boriti za ubavuni, uzito wake ukiinue. Aliliona hilo kabla yangu, maana ameishi na ngalawa miaka mingi. Hakusogea. Alikaa amenipa mgongo, akingoja. Mimi mwili mzima ulikuwa ukiniwasha. Ufuoni nilimwona Kahaso kati ya wanawake, amejifunga leso nyekundu. Mke wangu ananiponyoka huku natazama, eti kwa sababu ya heshima!

"Randu!" nikapiga ukelele. "We Randu! Toka nje! Kalia boriti, upesi!"

Akaruka kama kijana. Toka hapo sikufunga mdomo. Vuta! Legeza! Vuta tena! Naye akivuta na kulegeza. Tuliwapita wale makuli pale pale kwenye maji ya magoti, wao wakiwa wameshaanza kushangilia.

Sisi hatukushangiliwa. Ufuo wote ulikuwa umesikia. Bi Sidi, dada yake mzee, alikuwa amejiziba mdomo kwa kiganja. Mzee Randu akashuka, akakamua kikoi chake taratibu.

"Utaleta mbuzi wa kuniosha jina langu," alisema. "Mke umempata."

Nilifurahi nusura nilie. Nikamkimbilia Kahaso, maji yakinichuruzika. Hakutabasamu.

"Kumbe sauti unayo," alisema. "Nimekusikia kutoka kule majini. Siku ile niliyojitwika sanduku ulikuwa umeketi kizingitini. Nilikwenda polepole mpaka njia panda, Nguma, nikingoja uniite. Hukuniita. Siku hiyo tu ndiyo uliyoweza kutulia."

"Mwanamume hamwiti mke anayeondoka," nilisema. "Hutuma wazee."

"Na mkwe je, huitwa jina?"

Nikajipangusa maji usoni.

"Baba amekubali," akasema. "Mimi hakuna aliyeniuliza."

Akageuka, akashika njia ya kwao, na wanawake wakampisha.

"Kahaso!" niliita, mbele ya baba yake na Mtongwe nzima.

Akasimama, lakini hakugeuka. Nikaita tena.