Sifuri za Namba Kumi na Tisa

Pikipiki ilipozimwa, Mzee Eliezeri alikuwa ameinama kwenye mfereji chini ya ndiva, kile kibwawa kinachogawia mashamba maji, mikono imezama mpaka viwikoni, anasugua tope kwenye tangawizi. Hakuinua kichwa. Maji ya huku juu Pare ni baridi hata mwezi wa tisa, na mtu wa miaka sabini na mbili akishainama akapata mkao, hainuki kwa sababu ya pikipiki tu.

"Shikamoo, Mwalimu."

"Marahaba, mama. Umepanda salama?"

"Salama kidogo. Mgongo wangu nimeuacha Maore." Asteria alishuka, akajikung'uta vumbi la barabarani. Alikuwa katibu wa kamati iliyokuwa ikiandaa kitabu kipya cha nyimbo za kanisani, na alikuwa ameondoka Same mjini alfajiri, akiwa amekumbatia mkoba wake wa karatasi. "Mwalimu, kamati imepitisha. Kumi na Tisa inaingia kitabuni! Leo narekodi kwaya, na wewe unatia saini hapa palipoandikwa mtunzi. Basi."

"Basi," Mzee Eliezeri alirudia. Akachukua tangawizi nyingine.

"Hufurahi?"

"Nafurahi, mama. Tangulia kanisani, wanakwaya wanakungoja. Mimi namalizia tenga hili."

Tenga lilikuwa limekwisha zamani. Alikaa pale akisugua tangawizi zilizokwisha takata, ngozi ya vidole ikimwasha, huku akiwaza jinsi mtu anavyoweza kuchoshwa na neno moja tu, mtunzi, kuliko alivyowahi kuchoshwa na magunia.

Huko milimani hakuna asiyeijua Kumi na Tisa. Ndio wimbo wa kuzikia. Ukimuulizia jirani ambaye hujamwona siku nyingi, utaambiwa, "Yule? Ameshaimbiwa Kumi na Tisa," na hapo huna haja ya kuuliza zaidi. Na ukiuliza nani kautunga, hata mtoto anayechunga mbuzi atakuonyesha nyumba ya Mwalimu Eliezeri.

Sasa sikiliza ilivyokuwa. Mwaka wa themanini na moja, Eliezeri akiwa kijana aliyekabidhiwa kwaya juzi tu, alikikuta kitabu nyuma ya nyumba ya wamisionari, katika rundo la makaratasi yaliyokuwa yanangoja kiberiti. Hakikuwa na jalada wala kurasa za mwanzo. Maelezo yake yalikuwa katika lugha ya Kizungu asiyoijua, na wala haikuwa Kiingereza. Lakini nota za mistari alikuwa amezisoma kidogo chuoni, na nota ni nota. Nyingine zilikuwa na mikia inayotazama juu, nyingine chini, akaona, naam, hizi ni sauti za watu. Pembeni mwa nota kulikuwa na vinamba vidogo: moja, mbili, tatu, nne. Jamani, mwalimu wa kwaya akiona moja mpaka nne afikirie nini tena? Sauti ya kwanza, sauti ya pili, ya tatu, ya nne. Palipo na moja waimbe wasichana wa juu, palipo na nne zingurume besi.

Na palipo na sifuri? Hapo alikuna kichwa siku mbili. Mwisho akaamua kwamba sifuri ni hakuna. Hapo haimbi mtu.

Akachagua wimbo wa kumi na tisa, kwa sababu ulikuwa mfupi. Akazigeuza nota kuwa herufi za do-re-mi ambazo wanakwaya walizizoea, akatia maneno machache ya Chasu, lugha ya Wapare, ya kumwambia anayeondoka aende taratibu, mlima ni mrefu. Mazoezini walicheka. Wimbo uliruka kutoka kwa wanawake kwenda kwa wanaume, ghafla ukakatika, watu wote kimya, kisha ukaendelea kana kwamba hakuna kilichotokea. Asiyecheka alikuwa msichana mmoja wa sauti ya pili, ambaye mchana kutwa alikuwa amepandisha samadi shambani kwa kichwa.

"Mwalimu, usije ukaziondoa hizo sifuri," alisema. "Hapo ndipo napumua."

Huyo alikuwa Raheli. Baada ya miaka miwili walioana.

Kwenye msiba wa kwanza wimbo ule ulipoimbwa, sifuri ya kwanza ilipofika, kimya kile kiliwaangusha hata wanaume waliokuwa wamejikaza tangu asubuhi. Watu wakaulizana nani katunga. Eliezeri akasema ameutoa kitabuni, wakasema huo ni unyenyekevu wake. Mara ya pili akasema kwa sauti ndogo zaidi. Mara ya tatu hakusema. Miaka ikaenda hivyo, arobaini na ushee, na kitabu kikalala sandukuni kwenye kitenge cha Raheli.

Krismasi iliyopita alikuja mjukuu wao Blessing, mwalimu wa shule ya msingi huko Same, anayepigia gitaa kwaya ya vijana. Bibi yake alikuwa kitandani, kifua kinambana. Blessing, katika kutafuta shuka sandukuni, akakitoa kitabu, akafungua, akakodoa macho.

"Babu! Mbona hiki ni kitabu cha kujifunzia gitaa?"

"Cha nini?"

"Cha gitaa. Cha zamani mno, nota za aina hii ni za miaka kama mia mbili iliyopita. Haya ni mazoezi ya wanaoanza. Tazama, hivi vinamba ni vidole vya mkono wa kushoto. Moja ni cha shahada, mbili ni cha kati, tatu cha pete, nne kidole cha mwisho."

Mzee Eliezeri alikaa ukingoni mwa kitanda. "Na sifuri?"

"Sifuri unaachia uzi wazi. Unaupiga bila kuukandamiza na kidole chochote. Huo ndio unaolia kuliko wote." Akavuta gitaa lake, akaipiga Kumi na Tisa yote, na palipokuwa na kimya miaka yote ile, uzi ukalia.

Raheli alicheka mpaka akakohoa. "Ee Mungu wangu! Mume wangu, umetuimbisha vidole!" Akacheka tena, akajifuta machozi kwa ncha ya kanga. Kisha akamshika mkono. "Utawaambia. Lakini ngoja kwanza nipone, nataka niwepo nione sura zao."

Hakupona. Mwezi wa tatu walimzika nyuma ya nyumba, kando ya migomba, na kwaya ikamwimbia Kumi na Tisa. Sifuri ya kwanza ilipofika, Mzee Eliezeri akangojea kimya, na kimya hakikuja. Alisikia uzi wa gitaa. Ya pili, uzi. Ya tatu, uzi. Watu walidhani anatetemeka kwa majonzi, na kweli majonzi yalikuwapo, lakini zaidi ilikuwa aibu: alikuwa anamzika mke wake kwa zoezi la vidole, na ni yeye peke yake pale makaburini aliyejua. Tangu siku ile hakulala akaamka amepumzika.

Sasa akajifuta mikono, akapita nyumbani, akalitoa furushi la kitenge sandukuni, akapanda kanisani.

Wanakwaya ishirini na kitu walikuwa wamekwisha panga mistari, wengine na tope la shambani miguuni. Mbele alisimama Sifael, kijana aliyeirithi kwaya. Nyuma, sauti ya pili, kiti cha Raheli kilikuwa wazi, na kando yake alikuwa Eliaichi, rafiki yake wa tangu usichanani. Asteria alikuwa ameweka simu ya kurekodia juu ya meza. Akamsogezea Mzee Eliezeri fomu na kalamu.

"Kalamu weka kwanza," alisema. "Nina neno."

Akafungua furushi. Akawaambia yote, kuanzia rundo la makaratasi mpaka Blessing, akiwa amesimama, bila kumtazama mtu. Hakujitetea. Alipofika kwenye vinamba kijana mmoja wa besi akaguna kicheko, akanyamazishwa kwa kiwiko.

"Kwa hiyo sikutunga kitu," akamalizia. "Nilisoma vibaya. Ndio hivyo."

Asteria alikuwa amekishika kitabu, anafunua kurasa zilizoliwa pembeni na mende. "Mwalimu, mbona unaniua? Kitabu kinakwenda kuchapwa mwezi ujao."

"Mama yangu." Ilikuwa sauti ya Eliaichi. Alikuwa amesimama. "Mama yangu alizikwa kwa mazoezi ya mtu anayejifunza gitaa?"

"Ndiyo, Eliaichi."

"Na mwanangu Fanueli?"

Mzee Eliezeri aliinamisha kichwa tu, na hapo kanisani hapakuwa na mtu aliyejua pa kuweka macho.

Sifael ndiye aliyejikaza. "Shikamoo tena, Mwalimu, usione navunja adabu. Kama ni kosa, si tulirekebishe? Hizo nota zilizokosekana unazijua?"

Alizijua. Zilikuwa zimemkaa masikioni tangu mwezi wa tatu, hakuna usiku ambao zilimpa nafasi. Akachukua chaki, akaziandika ubaoni kwa herufi, moja baada ya nyingine, na Sifael akagawa nani aimbe ipi. Wakajaribu.

Ukatiririka! Hakuna wa kubisha, ulikuwa mzuri, unapanda na kushuka bila kujikwaa, na vijana wa mbele wakaanza kutikisa mabega. Mzee Eliezeri alisimama akisikiliza. Hivyo ndivyo mwenyewe, yeyote aliyekuwa, alivyoutaka. Akajisemea, sawa, mwenye mali kapata mali yake, sasa niende zangu nikalale.

Mstari wa tatu Eliaichi akaweka mkono kifuani. Wa nne, wazee wawili wa besi walikuwa wameachwa nyuma. Eliaichi akakaa chini kwa kishindo, na wimbo ukafia hapo hapo.

"Wanangu," alisema akihema, "humu mnapumulia wapi?"

Sifael alitazama ubao. Kwa kweli hapakuwa na mahali.

"Hilo gitaa halina mapafu," Eliaichi akasema. "Mimi ninayo, na yamechakaa. Nimetoka kuchimba tangawizi tangu saa kumi na mbili." Akamgeukia Mzee Eliezeri. "Na wewe, nina hasira nawe, ujue. Ulikaa kimya miaka yote ukila heshima yetu. Hasira hiyo haiishi leo."

"Najua."

"Vizuri kama unajua. Lakini mama yangu kaimbiwa wenye sifuri, Fanueli kaimbiwa wenye sifuri, na Raheli vilevile. Mimi siku yangu ikifika mniimbie wimbo mpya? Sitaki!" Akavuta kiti cha mbele yake, akajiinua. "Sifael, futa huo ubao."

Sifael alimtazama Mwalimu, Mwalimu akamtazama Asteria, na Asteria akainua mabega. Ubao ukafutwa.

Asteria akaivuta fomu kwake mwenyewe. Palipoandikwa mtunzi akaandika: Hajulikani. Akafikiri kidogo, kalamu hewani. "Lakini kamati itaniuliza. Kwenye hiki kitabu cha gitaa pana nota, kwetu pana vimya. Nitasema hizi sifuri ni za nani? Niandike jina lako?"

Mzee Eliezeri alikaa kwenye benchi la kwanza. Mikononi mwake harufu ya tangawizi ilikuwa kali, akaviweka viganja magotini, vimefunguka.

"Andika Raheli," alisema.

"Raheli nani?"

"Mke wangu. Mimi ningeziondoa, maana walinicheka. Yeye ndiye aliyenikataza."

Asteria akaandika. Nyuma, Eliaichi alikuwa anajipangusa uso kwa kanga.

Wakaimba kwa ajili ya simu. Mara hii Mzee Eliezeri hakusimama mbele wala hakupunga mkono. Alifumba macho, akaungojea uzi. Mstari wa kwanza ukaruka kutoka kwa wanawake kwenda kwa wanaume, ukakatika. Hakuwa na hakika alichosikia. Kuku alikuwa anapekua nje karibu na mlango, na mbali kidogo mfereji ulikuwa unamwaga maji. Wimbo ukaendelea mpaka mwisho, na wanakwaya wakabaki wamesimama, vifua vinapanda na kushuka, wakingoja kuambiwa kama umekubalika.

Asteria aliusikiliza kwa simu iliyobanwa sikioni, akakunja uso.

"Umetoka vizuri. Ila kuna kasoro. Kila mnaponyamaza, inaingia sauti kama ya upepo. Fundi wa mjini anaweza kuisafisha."

"Upepo?" Mzee Eliezeri aliinuka. "Hebu nisikie."

Asteria akampa simu. Akasikiliza sifuri ya kwanza, ya pili. Haukuwa upepo. Walikuwa wao, ishirini na kitu, wanavuta pumzi kwa pamoja, nyingine nyepesi za vijana, nyingine nzito zenye mikwaruzo ya moshi wa jikoni. Hivyo ndivyo ilivyokuwa siku zote, na kwa kuwa alikuwa mbele akihesabu mapigo, hakuwahi kuisikia.

"Nimwambie fundi aikate?" Asteria aliuliza.

"Aiache. Irudishe mwanzo."

Asteria akabonyeza, kisha akaanza kukusanya karatasi zake, maana safari ya kuteremka Maore ilikuwa ndefu. Wanakwaya wakatoka mmoja mmoja kurudi mashambani. Mzee Eliezeri alikwenda nyuma, akabaki kando ya kiti cha Raheli, simu ameikandamiza sikioni, kama mtu anayesubiri upande wa pili upokee.