Kaburi la Mgomba

Wazungu wa mahakama ya kimataifa walifika kwetu Gesima na msururu wa magari, mashine za kupima udongo na maji yao wenyewe ya kunywa, wote kwa ajili ya marehemu ndugu yangu Nyangau. Alipouawa kwenye vita vya uchaguzi hakuja hata askari mmoja. Lakini haki, tuliambiwa, haina haraka.

Nyangau alikuwa akinunua ndizi soko la Nyakoe na kuziuza mpakani. Vijana wa Mheshimiwa mmoja walimkamata sokoni mchana kweupe, na tangu hapo hakuonekana tena, hata maiti. Tulingoja mpaka tukachoka. Wazee wakasema mtu hakai bila kaburi, basi tukakata mgomba, tukauvisha koti lake, tukauzika. Mjane wake, Bathsheba, hakutaka fidia wala hakutamani kuona mtu akifungwa. Alitaka jambo moja tu: Mheshimiwa aulizwe alikomtupa mumewe.

Hayo ndiyo aliyomwambia wakili wa mahakama, binti mpole kutoka Ulaya, kupitia kwa Gentrix, mkalimani waliyemtoa Kisii mjini. Wakili akaitikia kwa kichwa, kisha akaomba kuonyeshwa kaburi. Tukamweleza waziwazi kwamba mle hamna mtu, mna mgomba. Akasema anaziheshimu sana mila zetu, ila lazima sayansi ithibitishe.

Basi sayansi ikachimba. Ikapata koti lililooza na masalia ya mgomba, ikayatia kwenye mifuko yenye namba, ikapanda ndege nayo. Maskini Nyangau hakuwahi kupanda ndege. Mgomba wake ulipanda. Kaburi wakalizungushia utepe wa manjano, wakatuonya tusiliguse mpaka waturuhusu. Kwetu kaburi haliachwi wazi, huita mwingine. Bathsheba akaanza kuwafungia wajukuu ndani, na ruhusa haikuja.

Kilichokuja ni majibu ya maabara: ni mmea. Mawakili wa Mheshimiwa wakauliza tangu lini kukata mgomba kukawa uhalifu dhidi ya binadamu. Majaji wakaona hoja ina uzito. Bila maiti hakuna kifo, bila kifo hakuna kesi. Mheshimiwa mwenyewe hakuulizwa chochote, kwa sababu ana haki ya kukaa kimya. Haki zake zililindwa vizuri sana, na ninawapongeza.

Akarudi nyumbani shujaa. Watu waliowahi kuwakimbia vijana wake walimlaki na matawi, wakiimba kwamba wakoloni wameshindwa. Jumamosi, siku ya Sabato, akaja Gesima kutoa shukrani. Kwa kuwa Sabato haichafuliwi kwa pesa, bahasha zilisubiri jua lizame. Kamati ya maridhiano ilihitaji mjane wa kusamehe mbele ya kamera, ikamchagua Bathsheba. Nilimsihi asiende. Alivaa gauni lake la kanisani, akaenda.

Alipopewa kipaza sauti akamgeukia Mheshimiwa.

"Mheshimiwa, mimi nimekusamehe, na watu wote wamesikia," alisema. "Sasa niambie tu, mume wangu, Baba Purity, mlimuweka wapi?"

Wasaidizi walisogea kumnyang'anya kipaza sauti, lakini Mheshimiwa akawazuia. Alikuwa ameshiba kuku, amesamehewa, na kesi yake imekufa. Akamjibu kwa upole.

"Mama, hiyo siku mto ulikuwa umefurika. Hata kama tungetaka kumrudisha, hatungempata."

Uwanja mzima ukamkodolea macho. Si sisi, si wakili, hakuna aliyewahi kutaja mto. Mheshimiwa ndiye aliyekuwa wa mwisho kusikia alichokisema. Mchungaji akaiita kwaya haraka, nayo, kwa bahati mbaya, ikaimba kuhusu kuvuka Yordani.

Jumapili nikampigia simu yule wakili. Alinisikiliza kwa huruma, kisha akaeleza kwamba maneno hayo hayakusemwa chini ya kiapo, tena jalada limeshafungwa, ila anatushukuru kwa kuendelea kuiamini mahakama. Nilimtukana kwa Ekegusii na sikuhitaji mkalimani. Nilipokata simu nilikuwa nalia kwa hasira.

Bathsheba hakujali. Nilimkuta uani akikung'uta magunia.

"Shemeji, hiyo mahakama yako iache ifunge," akaniambia. "Mimi nimeshajibiwa. Twende mtoni."

Tulishuka hadi mpakani, unakopita mto. Alikaa ukingoni akiyatazama maji, akamwita mumewe kwa jina lake, halafu akalia kilio ambacho hakukilia siku ile tulipozika mgomba. Nilimwacha alie mpaka akatosheka. Kisha tukajaza mchanga wa pale ukingoni kwenye magunia, tukarudi nao nyumbani, tukauzika kaburini na kulifukia vizuri. Ule utepe wao niliukata kwa panga. Kama hilo nalo ni kosa la kimataifa, Gesima wanapajua.